Miaka Sabini na Minne Bila Deni

Jumatatu, 12 Agosti
Magoti yanauma. Mjukuu wangu Brenna anaanza chuo Lexington wiki mbili zijazo, anataka kadi ya mkopo, ya kwanza maishani. Anasema bila kadi hana rekodi ya kukopa, na bila rekodi mwakani hapangishwi chumba. Hana kazi, kwa hiyo benki inataka mtu mzima aweke sahihi ya kumdhamini. Twyla, binti yangu, akasema tumwombe Delbert, babu wa upande wa baba. Delbert! Gari la mkopo, boti ya mkopo, meno ya mkopo. Nikasema sahihi ni yangu, na kadi nachagua mimi. Nikatandaza mezani karatasi nne za kuombea kadi, nikachukua yenye maandishi machache. Maandishi mengi ni wizi. Kusoma ni kazi. Nikalala mapema.

Jumanne, 13 Agosti
Benki. Nimevaa suti ya mazishi. Dada wa dirishani, Bi Pruitt, akagonga mashine yake, akaguna, akagonga tena.

"Mzee Stamper, humu huonekani."

Nikamwambia nimechimba visima nusu ya kaunti hii, hata kunguru wananijua. Akasema habishi, ila sijawahi kukopa, basi mashine haina la kusema juu yangu. Nyumba taslimu. Gari taslimu. Mke nilimzika taslimu. Wanaokopa hupewa alama za kuaminika, mimi hata sifuri sikupewa. Sifuri nayo ni alama. Delbert, nasikia, ana alama mia saba na tisini.

Alhamisi, 15 Agosti
Mbinu mpya. Sanduku la buti, limejaa risiti za miaka arobaini. Nikalimwaga kaunta. Bi Pruitt akasoma mbili kwa heshima, ya trekta na ya jeneza, akasema mashine haili karatasi. Ila ipo njia: niweke dola mia tatu, nipewe kadi ya mia tatu, kila mwezi ninunue kitu kidogo na kulipa, baada ya miezi sita nitaonekana. Yaani nijikopeshe pesa zangu! Nikakubali, kwa ajili ya mtoto.

Brenna, aliyekuja nami benki, akanirudisha nyumbani. Mlangoni akasema, "Babu, miezi sita sina. Nakupenda, lakini naenda kwa Babu Delbert."

Nikajifanya natafuta funguo.

Jumamosi, 17 Agosti
Delbert ameweka sahihi. Dakika tisa, anasema. Kwenye karatasi ile ile niliyochagua mimi, hilo halisemi. Akanipigia simu: "Vipi wewe mzimu, bado huonekani?" Sikukata. Hata kukata nilichoka.

Ijumaa, 23 Agosti
Kadi ya Brenna imefika. Akanipeleka kula maharage na mkate wa mahindi, akalipa kwa kadi hiyo. Akasema alitaka ununuzi wa kwanza uwe kwa ajili yangu. Mkate wa deni! Nilimaliza wote. Alipokwenda kunawa nikamtilia dola ishirini mkobani, awahi kulipa.

Jumapili, 25 Agosti
Ameondoka. Nyumba kimya. Twyla akauliza kama nimeanza kuitumia kadi yangu. Nikacheka. Nimeitumbukiza kwenye bakuli la maji, nikaigandisha ndani ya friza, chini ya nyama ya paa. Miezi sita haigusi mtu. Mwakani ni zamu ya Ardith, mdogo wake Brenna, na Delbert hatapata hata nafasi ya kuvua kofia. Kadi safi namna ile, lazima nipate alama elfu.