Siku Zangu za Kujifunza Farasi kwa Siri

Jumatatu, 4 Septemba

Shajara, hujambo? Sijui shajara huanzwaje. Shule niliiacha mapema nikaenda kukata samaki kiwandani, kwa hiyo nakuanza kama barua. Hallur mume wangu anakusalimu, ingawa hajui kama upo. Baba yake, mzee Eyvindur wa chumba cha chini, hajambo isipokuwa goti. Binti yangu Ylfa hajambo, yuko Akureyri kazini. Mchumba wake Brandur hajambo. Mama yake Brandur, Thorhalla wa shamba la Hvammur, hajambo kupita kiasi. Paka naye hajambo. Mimi ndiye nina jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Jana tulikwenda Hvammur kunywa kahawa ya wakwe. Thorhalla akaniuliza, mbele ya mashangazi wote wa Brandur, kama napanda farasi. Ningesema hapana. Neno fupi tu! Lakini wote waligeuka kuniangalia, vikombe hewani, nikausikia mdomo wangu ukisema napanda kama ninavyotembea. Thorhalla akapiga makofi. Akasema basi mama Ylfa, Jumamosi ya tarehe kumi na sita twende wote milimani kuteremsha kondoo waliolisha huko kiangazi chote, mwaka huu watu wa kupanda ni wachache.

Nikaimeza chapati tamu nzima bila kuitafuna.

Garini Ylfa akaniuliza, mama, wewe farasi ulimpanda lini? Nikamwambia kuna mambo yangu asiyoyajua. Akasema mpigie simu Thorhalla useme ukweli, leo watacheka, kesho watasahau. Ukienda ukaharibu, mimi ndiye nitakayeolewa pale, mimi ndiye nitakayekaa nao meza moja maisha yangu yote. Nikamwambia asiwe na hofu.

Masikio yangu bado yanawaka.

Jumatano, 6 Septemba

Nimefanya mazoezi juu ya mkono wa kochi. Mto chini, mkanda wa Hallur kama hatamu. Nilikuwa naenda vizuri sana, hata nimeanza kusema hoo, hoo, pale Hallur alipoingia na mkate wake mkononi. Akasimama. Akauliza kochi limenikosea nini. Nikasema nanyoosha mgongo. Akasema basi lifunge vizuri lisije likatoroka, akaenda zake.

Jioni nikamwendea Ketill, mzee mwenye mabanda ya farasi nje ya mji. Nikamwambia nina rafiki, mama wa makamo, mwoga, hajui kitu, anataka kujifunza. Ketill akaniangalia kuanzia viatu hadi kilemba. Akasema huyo rafiki yako ana bahati, yeye Ketill anaye farasi mzee anaitwa Grautur, yaani Uji, na kweli ni uji mtupu. Lakini mwambie asimwendee farasi kwa nyuma kama wewe unavyomwendea huyo sasa hivi.

Niliruka kama nimemwagiwa maji.

Ijumaa, 8 Septemba

Rafiki yangu hakuja, ana mafua, kwa hiyo nimejaribu mimi kwa niaba yake.

Ketill alitaka anifungie tandiko. Nikamwambia niachie, najua. Nikafunga mkanda wa tumboni kwa upole, namwonea huruma mnyama, nani anapenda kubanwa tumbo? Nikapanda kwenye gogo, nikaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, nikajirusha. Nilikaa juu! Nikaiona bahari yote, nikauona mlima, nikajiona na mimi ni mtu. Kisha mlima ukaanza kulala upande. Tandiko lilikuwa linazunguka taratibu, na mimi nimo, nimeng'ang'ania, hadi nikawa nautazama ubavu wa Uji kutoka chini. Uji hakusogea. Alishusha kichwa akanitazama.

Ketill akasema mwambie rafiki yako akaze mkanda, kisha atembee hatua kidogo, akaze tena. Na kofia ngumu ivaliwe kichwani, siyo kuningʼinizwa mkononi kama kikapu cha mayai.

Niliporudi nikamwambia Hallur nimeanguka kiwandani. Sasa anataka kwenda kumgombeza msimamizi wangu. Mungu wangu.

Jumatatu, 11 Septemba

Najua farasi! Shajara, najua!

Leo Uji amekwenda na mimi hadi lango la chini na kurudi. Visigino chini, macho mbele, mikono laini, magoti yasibane, pumzi itoke. Yote nimefanya. Halafu ghafla akaanza tölt, ule mwendo wa farasi wa nchi yetu, ule wa kuteleza, ambao watu husema unaweza kubeba kikombe usimwage. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Nikamfikiria Thorhalla, aliyepandishwa farasi kabla hajaota meno, nikasema ngoja, ngoja utaniona.

Ketill akanimwagia maji ya baridi. Akasema Uji anazunguka njia ileile hata ukimpandisha gunia la viazi. Kesho jaribu jike lile jeusi, ujifunze na farasi mwingine. Nikamwambia rafiki yangu amemzoea Uji, hataki mwingine. Akasema mwambie rafiki yako milimani watu hawaendi na farasi mmoja. Nikashuka zangu. Wazee hupenda kuwa na neno la mwisho.

Tumekubaliana ataniletea Uji Hvammur kwa gari lake. Nitasema ni farasi wa ukoo.

Alhamisi, 14 Septemba

Tatizo moja limebaki. Kwenye tölt makalio yangu yanateleza mbele, yanateleza nyuma, hayatulii. Ketill anasema ni mazoezi tu, mwezi mmoja, miwili. Mimi sina mwezi.

Nilikuwa nakanda mkate mweusi wa nafaka ya rai leo asubuhi, nikainua kopo la shira, ule uji mzito wa sukari, nikashindwa kuliachia. Limeganda mkononi! Nikakaa chini nikafikiri.

Nimepaka kidogo kwenye kiti cha jikoni, nikakalia. Nilipoinuka kiti kikainuka nami. Nikafurahi kama mtoto. Mzee Eyvindur akapita, akaona, akasema siku zake zimekaribia, akarudi chini.

Ylfa amepiga simu. Sauti ndogo. Mama, bado unaweza kusema ukweli. Nikamwambia safari hii mama yako atakufanya utembee kichwa juu. Akasema vaa kofia basi.

Jumamosi, 16 Septemba

Naandika nimelala kifudifudi. Nitaandika upesi kabla sijaanza kulia tena.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Nilipaka shira kwenye tandiko watu wakiwa kwenye kahawa, nikapanda, nikaganda kama stempu. Thorhalla akasema mama Ylfa umekaa vizuri kweli. Umekaa vizuri! Ylfa alikuwa chini na watembea kwa miguu, akanipungia mkono, na uso wake ukafunguka. Kwa hilo peke yake ningepaka shira dunia nzima.

Farasi wa akiba walikuwa wanakimbia nyuma yetu bila watu, kundi zima, sikuuliza ni wa nini. Wakasikia harufu. Mmoja akaja akanilamba. Wa pili akaja. Nikawafukuza kwa kiwiko, wakaja wengine. Brandur akasema hajawahi kuona farasi wakimpenda mtu hivi. Nikasema ni mikono yangu.

Tumeteremsha kondoo hadi juu kidogo ya zizi kubwa, mlima mzima mweupe kwa kondoo, kazi ya majirani wote tangu alfajiri. Hapo Thorhalla akapaza sauti: haya, badilisheni farasi, hawa wamechoka!

Kumbe kila mtu hubadilisha. Kila mwaka. Hata watoto wanajua.

Nikasema Uji hajachoka. Uji akapiga miayo. Thorhalla akaniletea jike la manjano, akanyoosha mkono anishushe. Sikushuka. Akavuta. Akamwita Brandur, wakavuta wawili. Kitu kikalia nyuma yangu, chrrr, nikatua chini, na makalio ya suruali yangu yakabaki juu ya tandiko. Chini yake nilikuwa nimevaa suruali ya ndani ya sufu ya Hallur, ile yenye kiraka cha bluu.

Hapo ningesema. Hata hapo! Thorhalla aliniuliza polepole, mama Ylfa, una hakika unaweza? Nikajifunga sweta kiunoni, nikasema nipandishe tu.

Jike la manjano halikuwa uji. Nilibana magoti kwa hofu, likadhani naliambia liende. Nikavuta hatamu, nikabana zaidi, likaenda shoti. Nikaachia hatamu, nikakumbatia shingo, nikaita jina la mama yangu. Tukaingia katikati ya kondoo. Wakapasuka pande zote, wakarudi mlimani, wote, kazi ya asubuhi nzima. Thorhalla akanifuata kwa kasi, akaishika hatamu, akatusimamisha. Hakunitukana. Alikuwa amepauka tu usoni.

Watu wakarudi mlimani upya. Hakuna aliyecheka. Ningelipa wacheke.

Jumapili, 17 Septemba

Sikutoka kitandani. Ylfa amekuja, macho yamevimba. Nikamwambia nisamehe, nimekuaibisha kwa wakweo. Akanifokea. Akasema aibu gani mama, nilidhani nakuona ukifa! Kondoo watarudi, wewe ungerudi? Tukalia wote, na Hallur mlangoni akajifanya anatengeneza kitasa.

Jioni Thorhalla mwenyewe akaja na mkate na nyama ya kondoo ya moshi. Akakaa kitandani. Akasema mwenzangu, kutojua si kosa, lakini ungesema ningekupa kazi ya kushika lango la zizi na usingehatarisha roho yako. Sasa Jumamosi njoo kwenye ukumbi wetu wa farasi, nawafundisha wanaoanza, nitakushikia kamba mimi. Nikamwapia mbele ya Ylfa: sitadanganya tena habari ya farasi, hata kidogo. Akanikumbatia. Kondoo wote wamepatikana, akasema, isipokuwa dume mmoja aliyezeeka.

Jumanne, 19 Septemba

Nimeulizia. Hao wanaoanza ni watoto wa miaka sita.

Yaani mimi, mama wa bibi harusi, nizungushwe kwa kamba, mbele yangu katoto, nyuma yangu katoto, na mashangazi wamekaa kwenye mabenchi? Hapana. Kiapo nakiheshimu. Nitakwenda kama mtu anayeanza. Ila nitakwenda nikiwa nimeshajua kidogo.

Kwenye ubao wa dukani kuna tangazo la mama mmoja wa bonde la pili, simfahamu. Ana farasi vijana ambao hawajawahi kupandwa, anatafuta mtu mzoefu wa kuwazoeza. Bure! Nimemwandikia sasa hivi:

"Mama, shikamoo na habari za nyumbani. Uzoefu ninao. Juzi tu nilikuwa mlimani na watu wa Hvammur, na wote walioniona wananikumbuka mpaka leo. Naweza kuja kesho asubuhi. Tafadhali nijibu upesi, upesi sana, kabla ya Jumamosi."