Jenerali Aliyefia Mnarani Kwangu

Alhamisi, 2 Oktoba
Nyumba imekwisha. Ina zaidi ya miaka mia, na sasa inang'aa kuanzia ngazi ya mbao hadi mnara. Fleti nne, hakuna mpangaji hata mmoja. Ng'ambo ya barabara Dale Hutchins kajaza zake zote, eti kwa sababu ukutani ana kibao cha shaba kisemacho jaji fulani aliishi humo. Jaji! Darlene, mke wangu, kaniambia taratibu kwamba tusipopata mpangaji kufikia Jumapili ya wiki ijayo, tunahamia kwa mama yake. Kwetu tulishauza ili kukarabati hii. Mama yake huniita "yule jamaa".

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimepata! Jenerali Orrin Tuttle, shujaa wa mji huu, hakuna ajuaye alifia wapi. Mimi sasa najua: mnarani kwangu. Nikamsimulia nesi Bernadette, aliyekuja kuangalia fleti. Akasema majenerali hawamhusu. Anafanya kazi usiku, anataka pa kulala mchana. Kaichukua ya mnarani, anahamia Ijumaa. Ningeishia hapo. Lakini Dale alikuwa kibarazani kwake ananitazama, nikavuka kwenda kumsimulia na yeye.

Jumanne, 7 Oktoba
Dale kanishtaki kwa Kamati ya Majengo ya Kale ili niumbuke. Wamekuja, Bi Eunice Prather mbele. Nikawaonyesha ufa sakafuni: upanga uliangukia hapa. Bi Eunice akalia. Nitapewa kibao kikubwa kuliko cha jaji.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kibao kimekuja na masharti yake. Nyumba nzima irudi ilivyokuwa enzi za Jenerali: mabafu yatoke, umeme utoke. Wanafunzi wapitishwe kila siku. Bernadette alifika na masanduku, akakuta darasa zima chumbani kwake.
"Kaka, nimekuomba pa kulala, wewe umeniletea shule?"
Dale, ambaye mpangaji wake mmoja kahama juzi, akambebea masanduku mpaka ng'ambo. Nikamwambia Bi Eunice ukweli wote, kwamba habari za Jenerali nilizitunga. Akanishika bega.
"Bwana Vernon, acha unyenyekevu. Jenerali ni wetu sote."

Jumapili, 12 Oktoba
Tumehamia kwa mama mkwe. Darlene hasemi nami, na inaniuma. Kochi ni fupi. Nimekaa nikatafakari kwa makini nilipokosea. Nilikosea cheo. Jenerali ni mkubwa mno, lazima watu wamfuate. Mama mkwe ana chumba cha juu, kitupu, kina dirisha zuri la zamani.
Kapteni atatosha.