Kuhusu Mayai Arobaini na Nane na Mvua Iliyokataa Kunyesha San Telmo

Chumba cha Sayansi, Sekondari ya San Telmo
Mkoa wa Laguna
Jumatano, 18 Juni

Kwa Mama Mkuu na masista wote wa Monasteri ya Mtakatifu Klara, huko kilimani.

Mama mheshimiwa,

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Ninaandikia magotini kwa sababu meza yote imefunikwa na chati za mawingu, na mwenye chati hataki ziguswe.

Mimi ni Hiyas Lantican, mwenye miaka kumi na minne, mjukuu wa Lola Sepa, bibi muuza mayai wa pale sokoni. Yeye bila shaka mnamjua. Mimi hamnijui, na wala msijilaumu, kwani hata darasani kwangu wengi hawanijui. Ninawaandikia kwa sababu kuandika naweza. Sayansi tunafundishwa kwa Kiingereza na kusali tunasali kwa Kitagalogi, kwa hiyo mvua ninaielewa kwa lugha mbili. Lakini wakikaa watu wanne mbele yangu, lugha zote mbili huondoka pamoja bila kuaga.

Shida yenyewe ni hii. Jumamosi ijayo timu yetu ya watu watatu inakwenda makao makuu ya mkoa kufanya Jaribio la Hali ya Hewa na Angahewa. Wenzangu ni Rodel Banaag, anayejua majina ya mawingu yote na hanyamazi akiyataja, na Mayumi Arcega, anayepiga hesabu. Mwalimu wetu ni Bwana Abrenica. Karatasi ya maswali haitutishi. Tabaka za angahewa tunazijua kama ngazi za nyumbani. Kinachotutisha ni daftari la mvua. Kila timu hupima mvua shuleni kwake kwa siku thelathini, saa moja kamili asubuhi, na kuandika. Timu yenye mvua hukabidhi daftari na kukaa kimya. Timu isiyo na hata tone moja huangukia kanuni ya tisa, ambayo Mwalimu anasema hakuna aliyewahi kuihitaji mwezi wa Juni: mwandishi wa daftari atasimama mbele ya waamuzi wanne na kueleza, kwa dakika nne, kwa nini anga halikutoa kitu. Akishindwa, timu inapoteza alama arobaini kati ya mia.

Mwandishi wa daftari ni mimi. Leo ni siku ya ishirini na nane, na daftari langu lina sifuri ishirini na nane.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, ninawasilisha malalamiko yafuatayo dhidi ya monasteri yenu.

1. Kwamba mlipokea mayai bila kuuliza ni ya nini. Jumapili iliyopita tulikuwa tunajifunza nyumbani kwetu, Lola akapita na sinia la ndizi za kukaanga akasema, "Nyie kuleni, wala msihangaike na mvua. Nimeshawasemea kwa masista. Dazeni moja kila Jumamosi, tangu mwezi uliopita. Nimewaambia, watoto wangu wa hali ya hewa wasiguswe hata na manyunyu."

Rodel aliacha kutafuna. Mayumi akauliza polepole, "Lola, Jumamosi ngapi?"

"Nne. Sina uchoyo mimi."

Mama, hapa San Telmo kila mtu anajua kwamba asiyetaka mvua humpelekea Mtakatifu Klara mayai. Bibi harusi hupeleka, anayefanya mtihani wa uhasibu hupeleka, hata mwenye kusimamisha hema la sikukuu ya mtaa. Sipingi. Lakini kuizuilia mvua timu ya kupima mvua ni kama kumwombea mwoka mikate tanuri lake lizimike asije akaungua. Nyinyi ni wazoefu wa kazi hii. Mtu akisema "watoto wa hali ya hewa", mngeuliza hata swali moja pale getini.

2. Kwamba mmepitiliza kipimo. Mayumi amekokotoa. Bibi harusi hupeleka mayai kumi na mawili na hupata alasiri moja kavu. Mayai arobaini na nane, kwa kiwango hicho, ni alasiri nne. Sisi mmetupa siku ishirini na nane, mchana na usiku. Ukarimu wa namna hii unaumiza. Mashamba ya mpunga nyuma ya shule yamepasuka kiasi kwamba Rodel alipoteza kandambili kwenye ufa.

3. Kwamba hamkutazama mipaka. Mji wa jirani, upande wa pili wa mlima, mvua inapiga karibu kila alasiri. Binamu yake Rodel anasoma huko na yumo katika timu yao. Juzi alituma picha ya kipimamvua chao: milimita ishirini na mbili, na chura mdogo amekaa mdomoni mwake kama mwenye nyumba. Chini aliandika, "Pole, nasikia kwenu mnapima vumbi." Rodel aliitazama picha hiyo muda mrefu akasema, "Yule chura peke yake ana alama kutuzidi." Siwatuhumu kwamba mnawapendelea. Ninauliza tu kama wao pia wana Lola anayepeleka kitu, na ni kitu gani.

4. Kwamba mmevuruga sayansi. Mwalimu Abrenica anayo maelezo yake. Anasema kuna eneo la kanieneo kubwa limetukalia juu kama paka aliyekataa kutoka kitini, hewa inashuka badala ya kupanda, na hewa inayoshuka haijengi mawingu. Tena upepo wa kusini-magharibi umechelewa mwaka huu. Wenzetu wanapata mvua kwa sababu mlima unaisukuma hewa yao juu kwa nguvu. Ni maelezo mazuri na ninayajua hadi kwenye michoro. Lakini Rodel amechora grafu. Mayai yanapanda kwa ngazi, kumi na mawili, ishirini na manne, thelathini na sita, arobaini na nane, na mvua imelala chini kabisa haigeuki hata ubavu.

"Mwalimu," akasema, "kwenye kitabu chote hakuna mstari ulionyooka hivi."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Rodel, bandua hicho kitu ukutani." Lakini alibaki amesimama mbele yake hadi kengele ilipolia, na hadi leo iko pale. Ninaomba basi, kama jambo la haki, monasteri yenu iongezwe kwenye chati ya ukutani miongoni mwa vitu vinavyoathiri hali ya hewa, baada ya milima na kabla ya bahari.

5. Kwamba mmetuingiza katika majaribu. Siku ya ishirini na tano Mayumi alinong'ona, "Milimita tatu tu za maji ya bomba. Nani atajua?" Rodel akasema yeye hajasikia kitu, akageuka akaanza kuhesabu mijusi darini. Nikiri mbele yenu, Mama, kwamba mimi ndiye niliyekichukua kipimamvua nikaenda nacho bombani. Nilifungua koki. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Maji yalikuwa yamekatika mji mzima kwa sababu ya ukame. Kwa hiyo nimebaki mwaminifu, ila si kwa juhudi yangu.

6. Kwamba jambo hili limeniangukia mimi. Hapa naandika taratibu kwa sababu ndilo lalamiko lenyewe. Mwaka jana mwalimu mgeni alituambia kila mmoja asimame ataje jina lake. Nilisimama. Nikakaa. Mpaka mwisho wa muhula aliniita "wewe wa dirishani", na sikumsahihisha kwa sababu ilikuwa kweli. Katika shule nzima wanaoijua sauti yangu ni Rodel na Mayumi. Waliizoea kwenye daftari kwanza, kisha siku moja nikacheka Rodel alipoita wingu kubwa jeusi "mjomba", na tangu hapo wakati wa mapumziko hula nao. Jumamosi nikiganda mbele ya waamuzi, hawatanigombeza. Watasema, "Si kitu, Hiyas," kwa ile sauti laini ambayo watu huwasemeshea wagonjwa. Mwakani watahitaji mtu anayeweza kufungua mdomo, na watakuwa na haki, nami nitarudi dirishani na chapati zangu za mchele.

Kutokana na hayo, ninaomba yafuatayo:

(a) Sala zote za kuzuia mvua San Telmo zisitishwe mara mpatapo barua hii.

(b) Kama mayai yameshaliwa, hatudai yarudishwe. Tunaomba tu sala za kinyume, kwa kiwango kilekile.

(c) Inyeshe mvua isiyopungua milimita tano kabla ya Ijumaa saa moja asubuhi, nikasome kipimo na kufunga daftari. Isizidi thelathini, kwa sababu Meya hufunga shule na safari yetu itakufa. Iwe baada ya saa kumi jioni, maana Jumatano na Alhamisi mama zetu hufua. Isiwe na radi. Rodel anakana, lakini anaogopa.

(d) Mtume salamu za kuuomba radhi upepo wa kusini-magharibi.

(e) Yote hayo yakishindikana, sista mmoja aje Jumamosi asimame mbele ya waamuzi aeleze badala yangu, kwa kuwa sababu ya ukame anaijua kwa undani kuliko sisi. Ninajua masista wa kwenu hawatoki nje. Ninawaelewa sana. Mimi pia, kama kungekuwa na utaratibu, nisingetoka.

Tafadhali msiichukue barua hii kama chuki. Katika mambo mengine yote niko upande wenu. Msalimieni sista wa getini ambaye Lola anasema ana kikohozi, na masista wazee, na wale ambao sijawahi kuwaona, yaani wote. Mwalimu Abrenica hajui kwamba ninaandika, lakini angejua angewasalimu kwa heshima na kuwaomba takwimu zenu.

Ni mimi, nikitazama juu kila asubuhi,

Hiyas Lantican
Mwandishi wa daftari

Baada ya kusaini: Lola ndiye angewaletea barua hii, na kwa kuwa miwani yake imevunjika, alinitaka nimsomee aone kama ina adabu. Nilipofika lalamiko la kwanza akaweka kisu chini. La pili akakaa. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, hiyo usiipeleke. Utaniaibisha kwa watu ambao sijawaona tangu Krismasi."

Mayai hayakufika, Mama. Hata moja. Kilima kimemshinda magoti. Kila Jumamosi alifika kituo cha bajaji pale chini, akaketi kwa rafiki yake muuza kahawa, wakatazama juu kuelekea kwenu, wakasali wenyewe. Kisha, kwa kuwa mayai hayawezi kurudi sokoni yakiwa yameshatolewa, wakayapika pudini wakawagawia madereva. "Nilidhani toka pale watakuwa wanasikia," ndivyo alivyosema.

Kwa hiyo grafu ya Rodel ina mayai sifuri na mvua sifuri, na haithibitishi kitu isipokuwa kwamba anajua kutumia rula. Nimemtumia ujumbe. Amejibu, "Sasa tumelaumu nani wiki nzima?" Aliyebaki ni yule paka wa Mwalimu, kanieneo kubwa ya hewa. Lola hakumwelewa, basi nikamweleza pale pale jikoni, nikatumia kifuniko cha sufuria kuonyesha hewa inavyoshuka na mvuke wa wali kuonyesha inavyotaka kupanda. Akauliza maswali mawili, nikayajibu yote mawili. Nilipotazama saa, nilikuwa nimesema kwa dakika sita. Inabidi nipunguze mbili.

Ninayaondoa malalamiko ya kwanza hadi ya tano pamoja na maombi yote, hasa lile la (d). La sita lingali palepale.

Kesho baada ya masomo nitapanda mwenyewe na barua hii na mayai sita. Haya yatafika. Si ya mvua wala ya jua. Lola anasema pale kwenu mgeni huketi upande mmoja wa kiambaza cha mbao na masista upande wa pili, na hakuna anayeona uso wa mwenzake. Kama masista wanne wanaweza kuketi hapo kwa dakika nne, msiseme kitu, nami sitabisha hodi mara ya pili. Mtasikia kiti kikisogea, kisha nitaanza.