Ndefu, Fupi na Pikipiki ya Urithi

Tangu siku binadamu alipoacha kukimbizwa na wanyama akaanza kuwakimbiza yeye, hakuna swali lililoitikisa dunia kama hili: je, pofu, mnyama mkubwa kuliko fahali, aangushwe kwa risasi ndefu au risasi fupi? Mataifa yamelijadili. Wataalamu wamezeeka wakilijadili. Na Jumamosi moja asubuhi swali hilo zito lilimfikia Wakili, akiwa mgahawani anamaliza chai ambayo hakukusudia kuilipia.

Wakili hakuwa wakili. Alipewa jina hilo baada ya kumshawishi mwenye nyumba kwamba kisheria anayepaswa kuhama ni mwenye nyumba. Mali yake hapa duniani ilikuwa ulimi na nusu ya pikipiki. Nusu, kwa maana marehemu baba yao aliwaachia watoto wake wawili pikipiki moja. Nusu ya pili ilikuwa ya dada yake mkubwa, mkunga, ambaye aliitumia nusu yake kwa kuitazama ikiondoka kila asubuhi, kisha akawafuata wajawazito wake kwa miguu. Wakili alilisikitikia sana jambo hilo. Lakini kazi yake ilihitaji kuondoka mahali kwa haraka, na mjanja asiye na pikipiki ni mkimbiaji tu.

Kwenye meza ya jirani walikaa wazee wawili, mtu na shemeji yake. Mnene alikuwa seremala, mwembamba alikuwa na bucha.

"Ndefu ina baruti nyingi, shemeji," alisema Seremala. "Pofu akiiona tu anaandika wosia."

"Na wewe ukiifyatua unaandika wako," alijibu Bucha. "Teke lake limekuhamisha bega. Tangu mwaka jana unapiga randa kwa mkono wa kushoto. Fupi ni tulivu, bunduki yake nyepesi, na unawahi kupiga ya pili."

"Ya pili ya nini, kama ya kwanza imefanya kazi?"

"Nimeshakuona ukilenga, shemeji."

Ikafahamika, kwa kila aliyekuwa na masikio mgahawani, kwamba wazee wana kibali cha pofu mmoja tu. Atakayeshinda ubishi ndiye atakayepiga. Atakayeshindwa atabeba mizigo, atateka maji na kupika, huku akisimuliwa njia nzima jinsi alivyoshindwa.

Wakili alifuta midomo. Mahali ambapo wengine huona ugomvi, yeye huona duka lisilo na mlinzi.

"Shikamooni, wazee wangu. Nimesikia bila kusikiliza. Mimi kazi yangu ni kupima risasi."

"Marahaba. Kuna kazi kama hiyo?" aliuliza Seremala.

"Ipo, mzee, ila hatutangazi, tunaogopa foleni." Akavuta kiti. "Ubishi huu haumalizwi kwa mdomo. Chukueni furushi la magazeti yaliyolowa maji, liwe nene kama godoro. Kila mmoja apige moja. Mimi nitayafunua magazeti, nitoe vichwa vya risasi, nitazame kipi kimezama zaidi. Kilichozama zaidi ndicho cha pofu."

Wazee walitazamana kama watu walioonyeshwa mlango kwenye ukuta wao wenyewe.

Hapa msomaji aujue ujanja wenyewe. Ndefu na Fupi zinatofautiana ganda na kiasi cha baruti. Kichwa, kile kipande cha risasi kinachoruka na kumpata mnyama, huwa na unene uleule kwa zote mbili. Ukikitoa kwenye magazeti kikiwa kimepondeka, hakuna anayeweza kuapa kimetoka bunduki gani. Wakili alilijua hilo kwa sababu aliwahi kulisikia, na hilo ndilo jambo pekee alilolijua kuhusu bunduki.

Kabla ya saa sita alikuwa amemvuta Seremala pembeni. "Mzee, moyo wangu uko kwa Ndefu. Shida ni macho, yamechoka kidogo." Seremala akampa darubini yake iyasaidie macho. Kisha akamvuta Bucha. "Mzee, Fupi ndiyo akili. Shida huko machimboni tunakokwenda kupiga kuna baridi, na mwamuzi akitetemeka anaweza kukosea." Bucha akavua koti lake la ngozi. Vyote viliingia kwenye sanduku la nyuma la pikipiki. Mpango ulikuwa kumwonyesha kila mzee kichwa kilekile faraghani, ampongeze, kisha awashe pikipiki kabla mashemeji hawajapongezana.

Machimboni, mahali palipoachwa na wachonga mawe, furushi lilikuwa tayari limeegemezwa ukutani, linachuruzika maji.

"Jambo moja, kijana," alisema Bucha. "Mwamuzi asiye na cha kupoteza huwa na miguu myepesi. Weka dhamana."

"Dhamana ya nini tena, mzee?"

"Ukitutolea vichwa viwili, uamuzi wako tutauheshimu. Usipovitoa, pikipiki si yako."

Wakili nusura acheke. Nyuma ya magazeti kulikuwa na ukuta wa jiwe, na risasi haina mbawa za kugeukia. Akatoa ufunguo kwa madaha ya mtu anayetoa sadaka hadharani.

"Basi zikague risasi," Seremala alimkabidhi mbili, moja ndefu, moja fupi. "Wewe ndiye mtaalamu."

Wakili alizigonga kwa ukucha. Alizinusa. Aliiinua moja juani, akaona mdomo wake umekunjwa na kufungwa kama mdomo wa mfuko wa karanga.

"Kazi safi," alisema. "Mdomo umefungwa vizuri, hata maji hayaingii."

"Umeridhika nazo?"

"Kwa asilimia zote."

"Sema na shemeji asikie."

"Nimeridhika nazo, mzee Bucha."

Wazee wakalenga. Mtaalamu akafumba macho, akaziba masikio na kuugeuzia mgongo utaalamu wake. Milio miwili ikavuma machimboni.

Wakili akaanza kufunua. Alifunua matangazo ya mazishi, akafunua michezo, akafunua bei za saruji. Kila gazeti lilikuwa zima kama lilivyotoka kiwandani. Wazee walikaa juu ya jiwe wakila mayai ya kuchemsha.

"Imezama hiyo," alisema Seremala.

"Hiyo ni Ndefu. Fupi ingeshapatikana," alisema Bucha.

Alipofika kwenye jiwe, Wakili aligeuka, ana wino mpaka kwenye kope. "Wazee, hizi risasi hazikuwa na vichwa."

"Ndiyo," alisema Bucha. "Ni za kuzoesha mbwa kelele. Mdomo unakunjwa kwa sababu hakuna cha kuweka. Tulishangaa ulivyoridhika."

Wakili alishaziidhinisha mara mbili, mbele ya mashahidi. Wazee wakapanda pikipiki pamoja na darubini na koti lao, wakaondoka wakibishana nani aendeshe.

Alifika nyumbani jioni, viatu vimegeuka rangi. Pikipiki ilikuwa mlangoni, imeoshwa. Dada yake alikuwa akifunga mkoba wake wa kazi kwenye kiti cha nyuma.

"Dada, nimevamiwa," Wakili alisema kabla hajaelewa anachokiona. "Watu kumi, wana bunduki."

"Kumi?"

"Giza lilikuwa limeanza. Labda sita."

"Jua halijatua bado, giza gani, mdogo wangu?"

Wakili alikaa kwenye ngazi. "Wawili. Wazee. Niliiweka rehani mwenyewe."

"Afadhali." Dada akavaa kofia ya pikipiki. "Mjukuu wa Seremala nilimzalisha mimi, nikafika nimelowa mvua, kwa miguu. Wakaniuliza wanilipe nini, nikawaonyesha pikipiki ikiondoka. Sasa sikiliza sheria, Wakili. Nusu yako uliiweka dhamana, ukaipoteza, wazee wamenizawadia. Nusu yangu hukuwa na ruhusa nayo, wamenirudishia. Chakula kiko jikoni, funika ukimaliza."

Akaondoka.

Sasa msomaji mwenye macho ataniuliza nimeyajuaje ya machimboni. Nilitaka kusema niliambiwa na ndege. Nakiri: magazeti yale niliyalowesha mimi, ndoo baada ya ndoo, kisha nikajificha nyuma ya jiwe la pembeni. Mkunga aliniahidi kwamba siku shule ikifunguliwa atanipeleka bweni kwa pikipiki, mimi na sanduku langu la bati.

Shule imefunguliwa juzi. Mkunga alisema kuna mtoto anayezaliwa upande ule mwingine wa mji. Sanduku nimelibeba kichwani mpaka getini, na Wakili, aliyekuwa akipita kwa miguu, alinisindikiza njia nzima akicheka.