Vizimba Mia Mbili vya Wenyeji Halisi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyekiti wenu wa mji, kwa kuwa aliyealikwa ametuma udhuru. Waheshimiwa masheikh, wachungaji, mafundi cherehani, wafugaji mlioacha ng'ombe Usagara, na akina mama wa samaki, ambao itifaki iliwataka mtangulie lakini moshi umewaweka nyuma, hamjambo! (Hatujambo! Anza basi!)

Mji wetu wa Nyabusenga, kama mnavyofahamu, zamani ulikuwa mwisho wa safari: aliyechoka alitua mzigo, akaoa, akazaa, na leo kila anayeshuka kwenye kivuko anadai kwao ni hapa, hali iliyoilazimu ofisi yangu kuendesha zoezi shirikishi la kidimografia, ili vizimba mia mbili vya soko jipya la samaki vigawiwe kwa wenyeji halisi tu. (Makofi. Mama Moza, mkaanga sato juani kwa miaka ishirini: "Nipe changu!")

Subiri, mama, takwimu kwanza. Kisayansi, hatukumuuliza mtu kwao ni wapi, maana angejipendelea. Tulimuuliza mtani wake. (Vicheko.) Wanyamwezi walitamka kwamba Wasukuma wote ni wapagazi waliosahauliwa njiani, Wasukuma wakajibu kwamba Wanyamwezi wamekuja kuomba chumvi na wataondoka kesho, Mzee Ngosha akajilaza mlangoni kwa mtani wake, akagoma kuinuka hadi aandikwe mwenye nyumba. Karani wangu Nathaniel, msomi asiye na mzaha, aliyaandika yote. Mimi mwenyewe nimeandikwa mhamiaji wa juzi kutoka Magu, jambo ambalo, kwa masikitiko, ni kweli.

Hivyo mwenyeji halisi amepatikana mmoja, sawa na asilimia mia moja: Bwana Iqbal, fundi baiskeli, kwa kuwa hana mtani wa kumkana! (Vigelegele. Iqbal: "Jamani, mimi hata kuparua samaki sijui! Mama Moza, chagua unachotaka!" Mama Moza: "Cha kivulini, baba! Kiko wapi?")

Swali zuri! Nyabusenga oyee! (Oyee!) Wote ni wenyeji! (Wa wapi?) Wa maendeleo!

Nawashukuru kwa utulivu, namshukuru Nathaniel kwa jedwali, na zaidi namshukuru Bwana Iqbal kwa kulipokea soko lote mbele ya mashahidi, kwani kuanzia sasa anayetaka kujua limejengwa wapi amuulize mwenye nalo. Ofisi yangu haijawahi kuwa nalo hata kwenye karatasi. Asanteni sana, na mwiko huo, Mama Moza, mwiko huo una mafuta ya moto!