Moto wa Nyumbani Uletwe Kariakoo kwa Basi

Mtaa wa Msimbazi,
Kariakoo, Dar es Salaam.
9 Juni, 1956.

Mheshimiwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa nyusi. Nakuandikia wewe mkubwa wa ukoo, kwa heshima zote, kulalamikia uamuzi wa kumweka mke wangu Severa huko Kilimanjaro miezi mitatu ya uzazi, anywe mtori wa ndizi na nyama na kunenepa, ilhali mimi huku nafundishwa kuwasha jiko la mkaa nikiwa na miaka thelathini na moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu moto hauzimwi. Nilizaliwa nikaukuta unawaka, na nilipoondoka niliuacha unawaka. Hakuna aliyenionya kwamba kwingine moto huanzishwa. Siku ya kwanza nilimaliza kiberiti kizima, njiti kwa njiti, juu ya kaa moja. Kaa halikushtuka.

2. Nikatia mafuta ya taa. Moto ukaja mara moja, ukaondoka na nyusi. Maharage yalinuka mafuta ya taa, nikayala hivyo hivyo. Ofisini karani mwenzangu alihamisha meza.

3. Bi Siti, jirani wa chumba cha pili, amejiteua mwalimu wangu. Hunichuchumaza uani na kunipa vifuu vya nazi na kipepeo cha kupepea moto, huku wanawake wa nyumba nzima wametandika mkeka wakitazama. Aliuliza mbele yao kama huko mlimani tunakula vibichi. Hapo, Baba, umetukanwa wewe.

4. Siku moja moshi ulizidi. Jamnadas, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, akadhani nyumba inaungua, akaja mbio na ndoo mbili za maji. Zote zilinipata mimi.

Kwa hiyo naomba Severa na mtoto wapandishwe basi la kwanza. Mila ikikataa, nileteeni moto wa hapo nyumbani ndani ya chungu, pamoja na mtu mzima wa kuupuliza njia nzima. Kondakta apewe mkungu wa ndizi asiulize maswali.

Msalimie Mama, shangazi Candida, na yule ng'ombe anayemnywesha Severa maziwa, maana naye anachoka.

Ni mimi mwanao mtiifu, mwenye njaa,
Isidori

N.B. Hapa usimsomee Mama. Moto nimeujua tangu mwezi uliopita. Leo nimepika ugali na samaki, nimeshiba, na Bi Siti amenisifu. Lakini mwanamume wa kwetu hamdai mke kabla ya miezi mitatu kwisha, basi nimeusingizia mkaa. Nimewakumbuka mno, Baba. Mtoto amefanana na nani?