Mimba ya Waziri

Bodi ya Mbwa, Paka na Viumbe Vingine vya Nyumbani iliutangazia umma wa Kisumu na vitongoji vyake kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna mbwa atakayeruhusiwa kuwa mbwa bila idhini ya maandishi.

Tangazo hilo lilitungwa na Bwana Dishon Ondiek, Mkurugenzi wa Ufuatiliaji wa Sheria, mtu aliyevaa tai hata akienda kununua dagaa wa omena. Kazi yake ilikuwa kujua sheria ipi ya mbwa iko hai na ipi imekufa, na haikuwa kazi nyepesi. Bodi ilikaa kila Jumanne, na kikao kisichopitisha sheria hakikuwa na posho. Kwa hiyo sheria zilizaana kama sungura. Mwezi wa Mei mbwa walitakiwa kufungwa minyororo. Juni minyororo ikapigwa marufuku kwa ajili ya ukatili. Julai kila mwenye mbwa, awe amemfunga au amemfungua, alitakiwa kufika ofisini ajieleze. Ondiek alilala usingizi mtamu, akijua kwamba mji mzima hakuna raia aliyekuwa upande wa sheria.

Asubuhi moja alijiwa ofisini na Lorine Akinyi wa Nyamasaria, mwanamke aliyefuga na kuuza mbwa wa ulinzi, na kwa mbwa hao akasomesha wanawe.

"Mheshimiwa, nimekuja kwa sababu Waziri ana mimba."

Ondiek aliinuka, akafunga mlango, akateremsha na pazia.

"Waziri yupi, Mama? Na nani mwingine anajua?"

"Wangu. Ule mweusi wa masikio ndefu. Nyamasaria yote inajua."

Ondiek aliketi polepole. Kusikia ni mbwa kulimhuzunisha kidogo.

"Una kibali cha kupandisha?"

"Ndiyo nimekuja kuomba."

"Kibali huchukua miezi mitatu."

"Na mimba ya mbwa ni miezi miwili, Mheshimiwa."

"Hilo ni kosa la mbwa, si la Bodi. Mwambie angoje."

"Nimwambie aje?"

"Kwa lugha anayoielewa."

Wiki hiyo hiyo Ondiek alikwenda Dunga kukagua. Aliposhuka garini na askari wa Bodi aitwaye Mathews, ufuo mzima, uliojaa mbwa, ukawa hauna mwenye mbwa. Muuza samaki mmoja, Apiyo, alikuwa amelaliwa miguu na mbwa mwekundu.

"Mama, mbwa huyu ni wako?"

"Hapana, mkubwa. Hiyo inakujanga tu."

"Mbona amelalia miguu yako?"

"Si uulize yeye."

"Na matumbo ya samaki anayokula, kapewa na nani?"

"Na mimi. Lakini kulisha si kuzaa, Baba."

Wachuuzi walicheka hadi mizani ikatikisika. Ondiek alirudi mjini na kicheko hicho masikioni, na Jumanne akawasilisha Marekebisho: anayemlisha mnyama ndiye mwenye mnyama, bila kujali cheo, undugu wala visingizio. Wanabodi walipiga meza makofi, wakala sambusa, wakatia sahihi.

Waziri naye hakungoja. Alizaa watoto sita, wote bila kibali. Mathews akatumwa kuwakamata. Lorine alisimama mlangoni pa banda akiwa amenyoosha mikono.

"Hawajafungua hata macho!" alilia.

Mathews alimpigia bosi wake simu.

"Sheria nayo haina macho," Ondiek alijibu. "Walete."

Bodi haikuwa na banda. Fedha za banda zilikuwa zimewapeleka wanabodi ng'ambo kujifunza mabanda, nao walirudi wakiwa wameyaelewa vizuri sana. Waziri na wanawe wakawekwa chini ya meza ya mikutano. Kufikia alasiri njaa iliwafanya wapige kelele hadi mikutano ya ghorofa ya juu ikaahirishwa, ndipo Ondiek akamwita Lorine alete chakula.

Lorine alifika, akasimama kizingitini. Waziri alimwona, mkia ukaanza kupiga miguu ya meza.

"Mlishe basi," Ondiek akasema.

"Nikimlisha ni wangu, na sina kibali. Mimi nafuata sheria, Mheshimiwa."

Akageuka upesi, asije akaonekana akilia.

Ondiek alitafakari. Ushahidi ukifa, na kesi imekufa. Alivua koti, akaagiza maziwa na nyama, akapiga magoti kwenye zulia. Mtoto mmoja wa mbwa alimshika kidole akakinyonya, na Mkurugenzi akahisi kitu ambacho Bodi haikuwa imekitungia kanuni. Kesho yake alirudi na maziwa, na kesho kutwa pia. Jumanne wanabodi nao, katikati ya ajenda, walikuwa wakidondosha sambusa chini ya meza.

Kesi ya Lorine, ya kuzalisha mbwa bila kibali, ilifika mbele ya Hakimu Gakenia, aliyekuwa amezisoma sheria zote za mbwa na kuamka na maumivu ya kichwa.

"Nani anamlisha mbwa huyu sasa?" aliuliza.

"Mkurugenzi, Mheshimiwa," alijibu Mathews, ambaye alikuwa ameapa kusema kweli. "Kila siku. Hata anamwimbia."

"Bwana Ondiek, sheria yenu inasema anayelisha ndiye mwenyewe?"

"Ilikusudiwa watu wa Dunga, Mheshimiwa."

"Imetaja Dunga?"

"Imesema bila kujali cheo."

"Nani aliandika hivyo?"

Ondiek alinyoosha tai yake. "Mimi."

"Basi mbwa ni wako. Mama huyu hana kesi. Una kibali cha kuzalisha?"

"Lakini alizaa kabla sijamlisha!"

"Sheria yako haisemi tangu lini."

Kwa kuwa mwenye mbwa hakuwa na banda, mahakama iliamuru Waziri na wanawe walelewe Nyamasaria bandani kwa Lorine, na mwenye mbwa asafishe banda hilo kila Jumamosi mpaka apate kibali. Kibali hutolewa na Bodi. Bodi nayo haijakaa tena, maana kila mwanabodi alidondosha sambusa na sasa ana shauri lake mahakamani.

Jumamosi ya kwanza Ondiek alifika amevaa gambuti na tai. Lorine alikuwa ameketi kivulini, watoto wa mbwa wamemjaa mapajani.

"Mheshimiwa, hapo kona umeruka."

Ondiek aliegemea ufagio. "Kanuni ya kona ni ipi?"

"Hakuna kanuni, Baba. Ni mavi. Toa."

Akatoa.